Idi imepita, mvua imeanza: wazee wa makaoni wanahitaji nini sasa?

Swali: Assalaam aleikum, Bibi, na shikamoo. Sisi ni vijana kumi na wawili wa Kikwajuni, wengine waalimu wa skuli, wengine tuna biashara ndogo Darajani. Ramadhani tulipeleka futari kwenye makao ya wazee, tukaona haja ni kubwa. Sasa mvua za mwaka zimeshaanza na nyuma yake kinakuja kipupwe. Tumekubaliana kila mmoja atoe shilingi 10,000 kwa mwezi, kuanzia Aprili hadi Septemba. Wengi wetu wanataka tununue mablanketi mazito na magunia ya mchele. Je, ndicho kinachohitajika? Na la pili: mtaani kwetu kuna mzee anayelala kwenye baraza la duka. Mvua ikija na upepo anarowa. Tumpeleke makaoni? – Binti wa Kikwajuni

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu, marahaba, na salamu zangu uwafikishie wenzako wote.

Nianze na mablanketi, maana ndiyo mnayotaka kuyatolea pesa kesho. Msinunue mablanketi mazito. Najua yanavutia, makubwa, yana maua, na mtoaji akiyakabidhi anahisi ametoa kitu cha maana. Lakini blanketi zito likishaingia mkojo mwezi wa Aprili, halikauki. Linafuliwa Jumatatu, Alhamisi bado bichi katikati, linaanza kutoa uvundo, na mzee ama analifunika hivyohivyo ama analala bila kitu. Kazi yangu yote ilikuwa uuguzi, na sehemu kubwa yake nimewahudumia wazee. Kama kuna jambo ningependa kila mtoaji alijue kabla hajaingia dukani ni hili: miezi hii mzee anateswa na majimaji kuliko anavyoteswa na baridi. Akilala pakavu, Julai ya Unguja ataimudu kwa shuka mbili na blanketi jepesi la pamba. Akilala pabichi, hata mumfunike matatu atatetemeka mpaka alfajiri.

Usiku wa kipupwe hapa kwetu joto linashuka hadi nyuzi 21 au 22 hivi. Nyinyi vijana mnafurahi, mnafunga feni, mnalala usingizi mtamu. Mwili wa mzee haupo hivyo. Nyama zimepungua, mafuta ya chini ya ngozi yamepungua, na mwili wenyewe unachelewa kutambua kwamba umepoa, kwa hiyo hata kutetemeka hakuji kwa wakati. Wengine wana kisukari na hawazihisi nyayo zao. Mtieni mtu huyo shuka bichi chini ya mgongo na upepo wa kusi dirishani, halafu hesabuni ni masaa mangapi mpaka kukuche.

Sasa tazameni hesabu ya mashuka, maana hapa ndipo pesa zenu zitakapofanya kazi kubwa. Mzee asiyeweza kuuzuia mkojo anachafua mashuka mawili kwa siku, mara nyingine matatu. Wakati wa kaskazi, shuka lililofuliwa asubuhi adhuhuri limekauka, kwa hiyo mzee mmoja akiwa na mashuka manne mambo yanakwenda. Mvua ya mwaka ikikaza, shuka lilelile linakaa kambani siku mbili, na likikamatwa na mvua ya usiku linarudi mwanzo. Manne yamekwisha siku ya pili. Zidisheni kwa idadi ya vitanda, mtaelewa kwa nini mfuaji wa makao, ambaye hakuna mgeni anayemuuliza hali, ndiye mtu mwenye kazi nzito kupita wote mwezi wa Aprili na Mei.

Kwa hiyo mashuka, na si ya dukani yaliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Nendeni Mlandege mnunue jora la pamba nyepesi, mumpe fundi cherehani akate na kupinda. Yatatoka mengi zaidi kwa pesa ileile na yatakauka haraka zaidi. Ongezeni kanga kuukuu. Kwa kawaida nawakataza watu kupeleka vitu vilivyochakaa, lakini kanga iliyofuliwa mara mia ni laini, inanyonya, haichubui ngozi nyembamba ya kikongwe na inakauka hata ndani ya chumba. Waombeni mama zenu na shangazi zenu, zifueni, zikunjeni vizuri, mzipeleke kwa heshima. Halafu mipira ya kitandani, ile ambayo wauguzi tunaiita makintoshi, ya kutandika chini ya shuka. Godoro la sponji likishanywa mkojo halioshwi likatakata, linabaki kuwa chanzo cha harufu na vidonda mpaka siku litakapotupwa.

Lakini zaidi ya yote hayo, ulizeni kama makao yana banda la kuanikia. Nasema banda tu: nguzo, mabati juu, pembeni wazi pande zote ili upepo upite, na kamba zilizokazwa vizuri. Mahali pengi nguo zinaanikwa uani, na mvua ikishuka kila mtu anakimbia kuzianua. Chini ya paa, upepo wa kusi wenyewe unakausha hata siku ambayo jua halikutoka. Kama kila mmoja wenu atatimiza ahadi, mna 120,000 kwa mwezi, yaani 720,000 mpaka Septemba. Kama pesa za miezi miwili ya mwanzo zitakwenda kwenye kitu kimoja, ningetamani kiwe hicho. Miongoni mwa vijana kumi na wawili hakosekani anayemjua fundi seremala atakayejitolea kazi, na mabati machache ya akiba yamelala nyuma ya nyumba ya mtu. Ila msichimbe hata shimo moja kabla mkuu wa makao hajakubali na kuwaonyesha pahala.

Pamoja na banda, mwezi hadi mwezi, sabuni ya unga, sabuni ya mche, jiki, ndoo, na glavu nene za mpira kwa wanaofua. Hakuna atakayepiga picha na kreti la jiki, lakini makao yanapoishiwa sabuni, kila kitu kingine kinasimama.

Kuhusu pampasi za watu wazima, ndiyo, zinahitajika na ni ghali, lakini ulizeni saizi kwanza na ulizeni zinatumikaje. Pampasi iliyoachwa mwilini tangu magharibi hadi asubuhi inachoma ngozi. Vidonda vya kulalia huanzia hapo, ngozi iliyorowa, mgandamizo wa mfupa wa nyonga au kisigino, na mtu asiyeweza kujigeuza. Kanuni ya uuguzi ni kumgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana. Penye wahudumu wachache wa zamu ya usiku hilo ni gumu, na ndiyo maana kitanda kikavu ni dawa hasa. Kidonda cha namna hiyo kikishafika kwenye nyama kinachukua miezi kupona, na wengine hakiponi.

Na mchele nao msinunue sasa. Siukatai kwa chuki. Naukataa kwa sababu ya kalenda. Ramadhani watu wa Unguja na Pemba hutoa, Mwenyezi Mungu awazidishie: mchele, sukari, tende, unga wa ngano, mafuta. Ghala hujaa. Idi kubwa inaleta nyama. Baada ya hapo mlango haugongwi. Na tatizo hili linazidi kila mwaka, maana mwezi wa kiislamu unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwa mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 Idi el-Fitri iliangukia mwisho wa Machi, mwaka 2026 karibu na tarehe 20 Machi, na ikifika 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari. Maana yake sadaka kubwa ya mwaka inazidi kuwa mbali na kipupwe, na Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo wazee wanakohoa zaidi, inabaki mikavu. Nyinyi mmeahidi hadi Septemba, na hilo ndilo lililonifurahisha katika barua yako. Lishikeni hilo kuliko chochote. Shilingi elfu kumi ya Agosti ina uzito ambao elfu thelathini ya Ramadhani haina.

Mkitaka kutoa chakula, basi toeni cha Julai na mtoe kinachokosekana. Kusi likivuma sana ngarawa hazitoki, samaki wanapanda bei, na mezani hubaki wali na mchuzi mwepesi. Hapo samaki wa wiki moja, mayai, maharage au choroko, mapapai na ndizi vina maana. Unga wa mtama au ulezi kwa uji pia. Sukari msipeleke, wenye kisukari ni wengi na sukari ipo.

Katika kipupwe chenyewe mna mambo matatu ya kuyatazama. La kwanza ni maji ya kuogea. Kikongwe kumwagiwa maji baridi saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai ni adhabu, na wahudumu wanalijua hilo, lakini kupasha maji ya watu wengi kunataka gesi au kuni na sufuria kubwa. Lipieni kujaza mtungi wa gesi kwa miezi mitatu. Mtakuwa mmempa kila mzee maji ya uvuguvugu, na msimamizi atapata nafasi ya kusogeza kuoga mpaka saa nne, jua likishapanda.

La pili ni kunywa. Mzee hahisi kiu kama sisi, na wakati wa baridi ndiyo hataki kabisa maji. Anayepungukiwa maji anafunga choo, njia ya mkojo inapata maambukizo, anaanza kuchanganyikiwa, na watu wanasema ni uzee. Chupa za chai chache zenye uji mwepesi au chai ya tangawizi, zizunguke vitandani mara nne kwa siku, zinabadilisha mambo. Iwe ya vuguvugu, si ya moto, na vikombe viwe vya mkono mkubwa ili mikono inayotetemeka iweze kushika.

La tatu ni moto. Tafadhali sana, mtu asije akaleta seredani ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa nia ya kuwapasha joto. Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo harufu wala rangi, na aliyelala haamki kujitetea. Hata chetezo cha udi, wekeni mbali na mwenye pumu.

Hali ya hewa ya mvua inaleta na mengine nitakayoyapita haraka. Sakafu ikirowa mzee huteleza, na nyonga ikivunjika katika umri huo mara nyingi ndiyo mwisho wa kutembea, kwa hiyo viatu vya mpira vyenye mkanda wa nyuma badala ya kandambili zilizolika, na taa za kuchaji kwa ajili ya njia ya chooni umeme ukikatika. Vyandarua vyenye dawa, maana Zanzibar imefanikiwa kuishusha malaria chini ya asilimia moja ya watu lakini haijaimaliza, na mbu wa baada ya masika hawana mchezo. Maji ya kunywa yachemshwe, hasa mtaa ukifurika.

Mtakapokuwa mnatembelea, jifunzeni dalili moja ambayo inawapita hata watu wazima wa familia. Kijana mwenye homa ya mapafu anakohoa na kuwaka. Kikongwe anaweza asikohoe wala asiwe na homa. Mnachokiona ni kwamba jana alikuwa anazungumza na leo hajui yuko wapi, au ameacha kula, au ameanguka bila sababu, au anapumua harakaharaka akiwa amelala. Mkiona hivyo mwambieni mhudumu papohapo, msingoje. Na kwa ajili ya siku kama hiyo, kila mwezi tengeni kidogo isiguswe, iwe ni nauli ya gari ya kumfikisha hospitali usiku na dawa ambayo haipatikani siku hiyo. Pesa hiyo akae nayo mmoja wenu anayepokea simu wakati wowote, na makao yawe na nambari yake.

Namna ya kwenda. Safari ya kwanza nendeni wawili, mkiwa mikono mitupu, mkamwone mkuu wa makao na mfuaji na mpishi. Ulizeni nini kimekwisha, nini kipo kingi, nini kitakwisha mwezi ujao. Makao ya serikali, kama ya Welezo, yapo chini ya wizara inayoshughulikia wazee, na utaratibu wa kupokea misaada upo. Ufuateni, mtake risiti, muandike daftari lenu. Welezo, kwa taarifa yenu, ni pahala pa huduma hii tangu zama za ukoloni, wamisionari wa Kikatoliki walipokuwa wakiwatunza wenye ukoma na masikini waliokosa pa kwenda. Kwa hiyo miongoni mwenu kama yupo Mkristo, au rafiki anayetaka kuchangia nje ya hesabu ya zaka, asione haya. Anayetaka kuingiza mchango wake katika zaka, aulize kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au sheikh wake.

Na picha, mwanangu. Msiwapige picha wazee wakipokea. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, akabeba magunia ya karafuu bandarini, akalea watoto wa watu, leo ameshika kipande cha sabuni mbele ya simu yako ili watu kumi na wawili wa Kikwajuni waonekane wema! Sitara yake ni haki yake hata kama hana ndugu wa kumtetea. Wachangiaji wakitaka ushahidi, pigeni picha risiti na banda. Ukifika kitandani, mpe shikamoo, kaa chini usimzungumzie ukiwa umesimama, muulize kwao ni wapi. Wengine hawajaulizwa hilo kwa miaka. Ukimwahidi kurudi Jumamosi, rudi Jumamosi.

Sasa mzee wa barazani, na hapa nakuomba usome polepole. Swali lako ni "tumpeleke", na mimi nauliza, yeye mwenyewe amesemaje? Mtu mzima hahamishwi. Kaeni naye kwanza, mpelekeeni chai asubuhi mbili tatu bila kumuuliza chochote cha kumhoji. Wapo wanaolala nje kwa sababu nyumba iliuzwa na warithi, wapo waliogombana na watoto, wapo waliokuja kutoka bara au Pemba wakiwa vijana na kila waliyemjua hapa amekwisha kufa. Kila mmoja ana njia yake ya kutoka hapo barazani, na makaoni ni ya mwisho, akikosa ndugu kabisa.

Hatua ya pili ni kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu. Mwelezeni, mwombe awaite watu wa ustawi wa jamii. Sheha ndiye anayeweza kuulizia ndugu kwa masheha wenzake, na mara nyingi ndugu hupatikana, na hapo kazi inakuwa ya kuwapatanisha, ambayo mzee mwenye hekima mtaani ataiweza kuliko nyinyi. Ulizeni pia kuhusu Pensheni Jamii. Zanzibar inailipa kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, haijali kama alikuwa mwajiriwa au la. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Anayelala barazani mara nyingi haipati kwa sababu hana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kimepotea au hakuwahi kuwa nacho. Kumfuatilia hicho, kwa sheha kwanza kisha kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, ni kazi ya asubuhi nyingi za foleni ambayo yeye haiwezi na nyinyi mnaiweza. Shilingi 50,000 haipangi nyumba nzima, lakini inaweza kumpatia chumba cha uani kwa mtu mwema, nanyi mkaongezea kidogo. Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA, nao wana uzoefu wa mambo haya, waulizeni.

Kama maneno yake hayashikani, anazungumza peke yake au anaogopa watu, msimwite mwendawazimu na msimfukuze. Ustawi wa jamii watasaidia afikishwe hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu kwa uchunguzi, na mmoja wenu aende naye, maana mgonjwa anayekuja na mtu wake huhudumiwa tofauti na aliyeachwa mlangoni.

Na leo usiku, kabla ya sheha na kabla ya pensheni, mzungumzeni mwenye duka. Kama amekubali mzee alale hapo, mwombeni ruhusa ya kufunga turubai upande unaopiga mvua, na mumpe mzee ubao wa kuinua mkeka kutoka sakafuni, chandarua, na nguo kavu za kubadilisha zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akirowa saa nane za usiku, awe na cha kuvaa.